“Premium” ya meli: tunanunua safari au tunanunua neno?



Mji huu wa Birmingham hauna bahari. Ukitaka kuonja maji ya chumvi sharti upande treni au gari utoke nje ya mji kabisa. Wenyeji hujiliwaza kwa mifereji yao, na hutamba kwamba wanayo mingi kuliko Venice. Lakini mji huu usio na pwani una alama moja ya kibaharia inayojulikana duniani kote, nayo ni nanga. Tangu mwaka 1773, Bunge la Uingereza lilipoupa mji huu ofisi yake ya kupima madini ya fedha, kila kito kinachopimwa na Assay Office ya Birmingham hugongwa muhuri wa nanga.

Mama zetu na dada zetu wanaijua nanga hiyo hata kama hawajui historia yake. Wakienda Soho Road au Stratford Road kununua bangili za arusi, huigeuza bangili, wakatazama ndani, wakatafuta namba. Dhahabu ya karati 22 huandikwa 916, ya karati 18 huandikwa 750, ya karati 9 huandikwa 375. Pembeni pana alama ya aliyekileta kito kipimwe na alama ya ofisi iliyokipima. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1973, kito kinachozidi gramu moja hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina la dhahabu kama hakina muhuri huo. Muuzaji anaweza kukipamba kwa maneno matamu kadiri apendavyo, lakini neno “dhahabu” si lake peke yake. Kuna mtu mwingine aliyepima.

Nimeanza na dhahabu kwa sababu leo nataka tuzungumzie neno ambalo halipimwi na mtu yeyote, ila linatuondolea fedha nyingi kuliko bangili. Neno hilo ni “premium”, na mahali ninapolikusudia ni kwenye matangazo ya safari ndefu za baharini.

Wengine watashangaa na kusema, mwandishi huyu kakosa la kuandika, sisi tuna shida za visa na kodi ya nyumba, yeye anatuletea habari za meli za matajiri. Naomba nieleweke. Watu wetu waliokuja hapa miaka ya 1970, 1980 na 1990 sasa wanastaafu. Wamo manesi, madereva wa mabasi, wahasibu, waliofanya kazi viwandani na waliolea wazee wa watu wengine usiku na mchana. Tangu Aprili 2015 sheria inamruhusu mwenye akiba yake binafsi ya pensheni kuitoa fedha hiyo akishatimiza umri uliowekwa, robo yake kwa kawaida bila kodi. Kila Januari matangazo hujaa kwenye magazeti na televisheni: siku 100 kuzunguka dunia kutoka Southampton, bandari thelathini, na kwenye baadhi ya safari mnapita Mombasa au Zanzibar. Kwa mzee ambaye hajaiona pwani yake miaka ishirini, hilo si tangazo la kawaida. Linagusa palipo na kidonda. Na aliye na kidonda haulizi sana bei ya dawa.

Basi tuulize sisi kwa niaba yake. “Premium” maana yake nini?

Katika biashara hii meli hugawanywa kwa mazoea katika makundi matatu: za kawaida, za “premium”, na za anasa. Makampuni kama Holland America, Princess na Celebrity huwekwa kwenye kundi la katikati. Silversea, Seabourn na Regent huwekwa juu. Siku hizi limezuka tabaka jingine kati ya “premium” na anasa, maana jina likishazoeleka hupungua makali na sharti liongezewe kiambishi. Lakini mgawanyo huo hakuna sheria inayoulinda, wala ofisi inayougongea muhuri. Hata nyota tano na sita unazoziona kwenye matangazo hazitoki kwenye mamlaka ya dunia ya kupanga madaraja ya meli, kwa sababu mamlaka hiyo haipo. Wapo waandishi waliojitolea kupima, kama Douglas Ward ambaye kitabu chake cha Berlitz kilikuwa kikizipa meli alama kuanzia mwaka 1985. Huo ni mtazamo wa mtu mwenye ujuzi, si kipimo cha sheria.

Tena tazameni wenye mali. Holland America, Princess, Cunard, P&O Cruises, Seabourn na Carnival yenyewe zote ziko chini ya mwamvuli mmoja wa Carnival Corporation. Celebrity na Silversea ziko chini ya Royal Caribbean. Mwenye duka ni mmoja, anapanga bidhaa kwenye rafu tatu, na kila rafu anaipa jina lake ili mteja ajione amechagua. Si kosa la jinai. Lakini ni vizuri mteja ajue kwamba aliyeandika “premium” kwenye kibao ni yule yule anayeuza.

Jina lenyewe la kampuni nalo laweza kukupoteza. Chukueni P&O. Mwezi Machi 2022 P&O Ferries ilifukuza mabaharia 786 kwa siku moja, na Uingereza nzima ikapiga kelele. Wengi walidhani ni wale wale wa P&O Cruises. Sivyo. Ya feri iko chini ya DP World ya Dubai, hiyo hiyo iliyokabidhiwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023. Ya safari za starehe iko chini ya Carnival tangu 2003. Herufi ni zile zile, historia ya zamani ni moja, lakini waajiri ni wawili tofauti.

Kuna wakati sifa ya meli ilikuwa na kipimo nyuma yake. Neno la Kiingereza “A1”, ambalo leo kila mtu hulitumia kwa kitu kizuri, lilitoka kwenye daftari la Lloyd’s la karne ya 18. Herufi ilieleza hali ya mwili wa meli, namba ilieleza hali ya nanga, kamba na vifaa vyake. Mkaguzi alishuka, akagonga mbao, akaandika. Mwenye bima alitegemea alama hiyo kuamua kama ataweka fedha yake. Leo tumebaki na sifa bila mkaguzi.

Wazee wetu waliosafiri kwa meli za British India, Kampala na Karanja, kati ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Durban hadi miaka ya 1970, walijua mgawanyo mwingine. Kulikuwa na daraja la kwanza, la pili, na abiria wa sitaha waliobeba mkeka na chakula chao. Ulikuwa mgawanyo wa kibaguzi na wenye machungu yake, siusifii. Lakini haukuficha kitu. Aliyelipia sitaha alijua analala sitahani. Leo meli hutangazwa kama kitu kimoja cha “premium”, ukiingia ndani unakuta matabaka yamerudi kwa majina mapya. Kwenye meli za Cunard chumba ulicholipia ndicho kinachoamua unakula wapi: Queens Grill, Princess Grill au Britannia. MSC wana sehemu yao iliyofungwa iitwayo Yacht Club, Norwegian wana The Haven. Mzee wetu anaweza kununua safari iliyopigiwa picha kwenye ukumbi ambao hataruhusiwa kuukanyaga kwa siku zote 100.

Sasa tufanyeje? Hoja yangu ni hii: tuliache neno, tushike namba. Kama vile mama anavyoigeuza bangili kutafuta 916, nasi tuigeuze meli.

Kwanza, nafasi. Kila meli ina tani zake za ujazo, ambazo si uzito bali ni kipimo cha ukubwa wa ndani. Gawanya tani hizo kwa idadi ya abiria wawili wawili kwa chumba. Iona ya P&O ina tani zipatazo 184,000 na abiria wapatao 5,200, unapata 35. Queen Mary 2 ina tani zipatazo 149,000 na abiria 2,700, unapata 55. Seven Seas Explorer ina tani 55,000 tu, lakini abiria ni kama 750, unapata 73. Hapo hujasoma tangazo hata moja na tayari unajua nani atapanga foleni ya chai. Mkikaa wiki moja foleni ni usumbufu. Mkikaa siku 100 foleni ndiyo maisha.

Pili, watumishi. Gawanya abiria kwa idadi ya wafanyakazi. Iona inakaribia abiria watatu kwa mfanyakazi mmoja. Kwenye meli za anasa ni karibu mmoja na nusu. Na hapa tusisahau kwamba wafanyakazi hao ni ndugu zetu pia. Miaka ya karibuni vijana wengi wa Kenya wameajiriwa kwenye meli za MSC, wengi wao kutoka Mombasa. Kiwango cha chini cha mshahara wa baharia mwenye ujuzi kilichokubaliwa kimataifa kupitia Shirika la Kazi Duniani kilikuwa dola 673 kwa mwezi mwaka 2025. Ukikuta tabasamu la “premium”, ujue limetoka wapi na linalipwa kiasi gani.

Tatu, usafi. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na kituo cha afya cha CDC na kupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini ya hapo imeanguka. Alama hizo hutangazwa hadharani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure. Huo ndio muhuri wa kweli, kwa sababu anayeupiga hauzi tiketi. Lakini hata huo si kinga. Mwezi Machi 2025 abiria zaidi ya 200 waliugua tumbo kwa virusi vya noro ndani ya Queen Mary 2, meli yenye jina kubwa kuliko nyingi. Virusi havisomi matangazo.

Nne, bei yenyewe. Ulizeni nini kimo na nini hakimo: vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini, daktari, na bakshishi. Kwenye meli nyingi za Kimarekani bakshishi hukatwa kila siku kwenye akaunti ya chumba. Tuseme ni dola 18 kwa mtu kwa siku. Kwa mume na mke siku 100 ni dola 3,600, nje ya bei mliyoonyeshwa. P&O Cruises waliacha utaratibu huo mwaka 2019, kwa hiyo hapa meli ya “kawaida” inaweza kumshinda wa “premium”. Tangu Aprili 2025 sheria mpya ya Uingereza ya ulinzi wa wateja inamtaka muuzaji aingize gharama zote za lazima kwenye bei anayotangaza. Neno zito hapo ni “lazima”. Linaloitwa hiari linaweza kubaki nje, hata kama litakatwa usipokwenda kaunta kulikataa. Na daktari wa melini hutoza kama hospitali binafsi. Msidhani NHS itawafuata baharini.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: njia. Mnanunua bandari, lakini mkataba hauwaahidi bandari. Karibu kila kampuni huandika kwa herufi ndogo kwamba nahodha au kampuni inaweza kubadilisha njia. Tumeliona hili waziwazi tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi yalipoanza katika Bahari ya Shamu. Safari kadhaa za kuzunguka dunia za mwaka 2024 zilikwepa Suez zikapitia Rasi ya Tumaini Jema. Kulinda maisha ya watu ni sahihi, silaumu. Ila aliyelipa kwa ajili ya bandari moja tu, ile ya kwao, ajue kwamba bandari hiyo ndiyo kitu ambacho hakuna tabaka la tiketi linaloweza kumhakikishia.

Zaidi ya hayo kuna mambo yanayotuhusu sisi wageni wa nchi hii ambayo wakala wa safari hatakwambia, kwa sababu hayamhusu. Anayesubiri kuomba uraia wa Uingereza kwa kawaida hatakiwi kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 90 katika miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba. Safari ya siku 100 inavuka mstari huo peke yake. Anayepokea Pension Credit kwa kawaida hupoteza haki hiyo akiwa nje zaidi ya wiki nne, na Housing Benefit nayo ina ukomo wa aina hiyo. Aliyepewa hifadhi akapewa hati ya kusafiria ya mkimbizi, hati hiyo haimruhusu kuingia nchi aliyoikimbia, na nchi nyingi njiani zitamtaka visa. Yumkini akazuiwa Southampton na mizigo yake mkononi. Na mwenye kutoa pensheni yote kwa mkupuo mmoja ili alipe tiketi, ile sehemu inayozidi robo huhesabiwa kama mapato ya mwaka huo na kukatwa kodi. Serikali inapanda meli kabla yake.

Kuna pia swali la fedha zenyewe zikishatoka mkononi. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Cruise & Maritime Voyages, iliyokuwa ikibeba wastaafu wengi wa Uingereza kutoka Tilbury, ilifilisika. Mwaka 2023 watu waliolipia safari ya miaka mitatu ya Life at Sea, iliyokuwa iondoke Istanbul Novemba, waliambiwa mwezi huo huo kwamba safari haipo, kwa sababu meli yenyewe haikununuliwa. Baadhi yao walikuwa wameshauza au kupangisha nyumba zao. Mwaka 2024 abiria wa Villa Vie Odyssey walikaa Belfast takriban miezi minne wakisubiri meli ikarabatiwe. Somo ni kwamba lipeni kupitia kampuni yenye dhamana ya ABTA, au ATOL kama safari ina ndege, na mkiweza lipeni kwa kadi ya mkopo. Sheria ya mwaka 1974 inaifanya kampuni iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Kinga hiyo ina thamani kuliko chupa ya mvinyo ya bure siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima anajua atakalo, na kama anataka kulipia jina, mwacheni. Wana haki yao. Starehe haiko kwenye hesabu peke yake, na kuna mtu ambaye furaha yake ni kuitwa abiria wa daraja la juu baada ya miaka thelathini ya kuitwa kwa jina la kazi yake. Simnyimi. Namtaka alipie furaha hiyo akijua bei yake, si akidhani amenunua usalama, afya na bandari ya kwao.

Na kwetu Afrika Mashariki tunajua gharama ya kuamini kibao bila kuuliza namba. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Spice Islander Septemba 2011, MV Skagit Julai 2012. Siwafananishi waliokufa na watalii, Mungu aepushe. Ninachosema ni kwamba kwenye Spice Islander swali lililokuwa muhimu usiku ule halikuwa jina la daraja la tiketi. Lilikuwa: chombo hiki kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, na wamo wangapi? Ni swali la namba, na aliyepaswa kuliuliza hakuuliza.

Sisi waandishi tuliohama kwa lazima tuna sababu ya ziada ya kuyatilia shaka maneno ya namna hii. Tumetoka mahali ambapo uchaguzi huitwa “huru na wa haki” na huyo huyo aliyeuendesha, na anayeomba kuona hesabu huitwa mchochezi. Neno lisilo na mpimaji wa nje, liwe la siasa au la biashara, humtumikia aliyelitamka.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwa watunga sheria wa nchi hii: kama mnaweza kumlazimisha sonara aonyeshe 375 kwenye kipete chembamba, mnaweza kuyalazimisha makampuni ya meli yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa tangazo tani kwa abiria, abiria kwa mfanyakazi, alama ya mwisho ya usafi, na gharama zote za siku. Ni mistari minne tu. Kwa jamii zetu, vyama vyetu na misikiti na makanisa yetu: mzee akileta kijitabu cha safari, msimcheke na msimshangilie. Kaeni naye kwa saa moja, mkiwa na kalamu na kikokotoo, msome herufi ndogo pamoja kabla malipo ya awali hayajatoka.

Waswahili husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Meli nzuri haitaogopa kuulizwa namba zake. Ikiogopa, mmeshapata jibu.

Tutafakari.